Dirisha Latazama Nini? Maelezo ya Dirisha katika Kiingereza na Kiswahili

Hoteli ya Blue Posts, iliyoanzishwa mwaka 1908, imesimama Thika kati ya maporomoko mawili, ya mto Chania na ya mto Thika. Mwandishi wa Kiingereza atakaye kuieleza haoni taabu. Hulikabidhi dirisha kitenzi cha kuona, likautazama mto lenyewe. Kisha huongeza kioo, pazia na mwanga wa asubuhi, na mandhari imekamilika. Aliyesimama nyuma ya kioo hatajwi.

Mwanafunzi aliyezoea kusifiwa kwa mtindo huu katika insha ya Kiingereza huuhamishia katika Kiswahili, akaandika "dirisha liliangalia Chania." Mwalimu aghalabu huikata sentensi kwa wino mwekundu, basi. Lakini kosa liko wapi? Haliko katika kulipa dirisha uhai, kwani Kiswahili nacho husema nyumba imeelekea bahari na milango miwili imetazamana. Kosa ni kwamba mwandishi amekwepa uchaguzi ambao sarufi ya Kiswahili humtaka aufanye. "Dirishani pamekaa paka" huonyesha mahali mahususi, penye kuguswa. "Dirishani mwapita upepo" huonyesha uwazi wenye ndani yake. "Dirishani kwasikika maporomoko" huacha upande wa sauti bila mpaka. Viambishi hivi vitatu, pa, mu na ku, hufanya kazi ambayo Kiingereza huifanya kwa msururu wa vivumishi. Na ni ajabu kwamba vitabu vya sarufi hutumia kurasa nyingi kuvifafanua, ilhali masomo ya insha huvipita kimya.

Majina yenyewe yana dokezo, ingawa asili ya neno haiamui matumizi yake. Neno la Kiingereza latoka katika Kinorse cha kale, kwa maana ya "jicho la upepo", dirisha latoka katika Kiajemi, "mlango mdogo." Jicho hutazama, mlango hupitiwa. Kigikuyu kilikopa kwa Kiswahili kikasema ndirica, kwa kuwa nyumba ya jadi ya Wagikuyu haikuwa na dirisha.

Suala hili si la sarufi peke yake. Kitabu cha Elspeth Huxley, The Flame Trees of Thika, kilichotoka mwaka 1959, kiliwajulisha wasomaji wa ng'ambo Thika ya utoto wa binti wa walowezi. Katika nchi ya mashamba ya namna hiyo, kioo kilikuwa na watu wa pande mbili. Mchuma kahawa aliyepita nje alikiona kikimetameta, wala hakuonyeshwa mto. Maelezo ya Kiingereza yaliyozoeleka hukaa upande wa ndani bila kukiri. Mfasiri aandikapo "bibi aliyesimama dirishani aliuona mto," amelazimika kumtaja mwenye macho. Aandikapo "dirishani mwaonekana taa," msomaji yuko nje, gizani.