Rangi Haitoshi: Istilahi Moja na Riwaya ya Gurnah

Istilahi "ubaguzi wa rangi" yaifaa Tanganyika ya Waingereza, migodi ya Geita ikiwamo, ambako rangi ilipanga mishahara. Katika *Paradise* (1994) ya Abdulrazak Gurnah, inayomjibu Joseph Conrad, istilahi hiyo yapwaya. Watu wa msafara wa tajiri Aziz huwaita wenyeji wa bara washenzi, ilhali ngozi zao hazitofautiani sana. Kinachobagua ni dini, vazi na upwani. Mhakiki aonaye humo ubaguzi wa Wazungu tu ameisoma nusu. Tafsiri ya Ida Hadjivayanis, *Peponi* (2022), imelirudisha neno "mshenzi" nyumbani, na msomaji wa Geita, mtu wa bara, atalisikia likimwelekea yeye. Wengine hupendekeza "mbari". Lakini mbari ni ukoo. Heri "ubaguzi wa asili".