Kuchezewa na Kucheza: Maoni juu ya Picha Mbili za Sinema

Waalimu wetu wengi huzitazama picha za sinema kwa jicho la mashaka, wala mashaka hayo si ya bure. Picha nyingi ziletwazo kwetu hazijali mazungumzo ya watu. Hutaka kishindo tu, na mtazamaji akitoka nje hana la kumwambia mwenziwe ila kwamba fulani alimpiga fulani. Walakini tumetazama picha mbili za nchi zetu wenyewe, moja ya Kenya ya mwaka 2018, na moja ya Unguja ya mwaka 2021, ambazo twaona zawafaa waalimu na makasisi. Hatuzisifu kwa kuwa ni za kwetu. Twazisifu kwa kuwa kila moja yauliza swali lituhusulo sana katika kazi yetu: mtoto au kijana akikatiwa shauri kubwa na wakubwa wampendao, je, yeye mwenyewe ameulizwa?

Picha ya kwanza yaitwa Supa Modo, nayo imeongozwa na Likarion Wainaina. Si ndefu, haifiki saa moja na nusu. Jo ni msichana wa miaka 9, mwenye maradhi yasiyotarajiwa kupona. Hospitalini furaha yake ni kutazama picha za mashujaa wenye nguvu kupita za kibinadamu, warukao angani na kuwashinda waovu. Mama yake, Kathryn, amtoa hospitalini na kumrudisha kijijini Maweni, ili siku zake zilizosalia zipite nyumbani. Mama ataka mtoto apumzike, asichoke, asiumie. Dada yake, Mwix, aona kwamba kukaa ndani kungojea kifo si kuishi. Basi amtia mdogo wake moyo aamini kwamba yeye naye ana nguvu za ajabu, kisha awaomba wanakijiji wamsaidie katika jambo hilo.

Hapa ndipo penye uzito. Kijiji kizima chasema uongo, tena kwa mapenzi. Wasomaji wetu waliopata kuwatembelea wagonjwa wanaujua uongo huo. Ndugu hutukuta mlangoni wakatunong'oneza, "Padre, tafadhali usimwambie." Nasi huingia tukaongea habari za mvua na mashamba, na mgonjwa hutuitikia kwa adabu, naye aghalabu ajua yote. Wazee wamesema, Mficha maradhi, kifo humwumbua. Methali hiyo humwonya mgonjwa afichaye ugonjwa wake. Lakini katika habari hii wafichao ni wazima, na afichwaye ni mgonjwa mwenyewe. Na kwa hao hatujui kama wazee wametuachia methali.

Lugha yetu yaweza kutusaidia kuipima picha hii. Neno mchezo twalitumia kwa michezo ya watoto uwanjani, na kwa mchezo wa kuigiza mbele ya watu pia. Lakini kitenzi chake chapambanua vema. Mtu asiyejua huchezewa. Mtu ajuaye hucheza. Kwanza Jo achezewa, ingawa wamchezeao wana machozi machoni. Baadaye wanakijiji wakusanyika kutengeneza picha yao wenyewe ya sinema, na Jo ndiye shujaa wake. Ukitazama kwa haraka utasema ni mambo yale yale: watu ni wale wale, kijiji ni kile kile, na nguvu za ajabu ni za kubuni vile vile. Lakini sasa mtoto ametiwa katika shauri. Ajua ni mchezo, naye autaka. Kile kilichokuwa uongo kimekuwa mchezo, wala hakuna aliyedanganywa. Sisi watazamaji nasi hatudanganywi, kwa maana picha haisemi kwamba maradhi yaliondoka. Jo anakufa, na wanaobaki wana kazi ya kumlilia.

Picha haikosi kasoro. Twaona moyo wa mama wageuka upesi kuliko mioyo ya akina mama tuwajuao, na wanakijiji kadhaa wapita mbele yetu bila kupata nafasi ya kuwa watu kamili. Wako pia watakaolalamika juu ya maneno yake, kwa kuwa Kiswahili, Kikikuyu na Kiingereza vimechanganywa. Sisi hatulalamiki. Darasani yatupasa kufundisha Kiswahili kilichonyoka, na kazi hiyo tusiiache. Lakini mwenye kuchora nyumba ya watu hana budi kuchora maneno yasemwayo ndani yake, na nyumba nyingi za Kenya ndivyo zisemavyo.

Picha ya pili ni Vuta N'Kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji, ikitokana na kitabu cha Adam Shafi chenye jina hilo, kilichotolewa mwaka 1999. Habari yake ni ya Unguja katika miaka ya 1950, siku za mwisho za utawala wa Waingereza, kabla ya uhuru wa Desemba 1963. Yasmin, msichana wa Kihindi, ameozwa kwa Raza, mtu aliyemzidi umri sana. Amkimbia mumewe, apata hifadhi kwa Mwajuma, na kwa njia hiyo akutana na Denge, kijana mwenye kupigania uhuru.

Hapa tena tuutazame mnyambuliko wa vitenzi. Kwa desturi ya lugha yetu mume huoa, mke huolewa, na mzazi huoza. Msichana hutendwa na huyu, na hutendwa na yule. Walakini lugha ile ile yatupa neno kuoana, ambalo wawili hushiriki kwa kauli moja, na ndilo tulitangazalo kanisani tukitaja majina ya wachumba. Yasmin na Raza hawakuoana, Yasmin aliozwa. Tena picha yatuonyesha jambo ambalo wahubiri wengi hulisahau, ya kwamba nchi nayo yaweza kukatiwa shauri bila kuulizwa. Msichana atafutaye kauli yake nyumbani, na watu watafutao kauli yao katika serikali, wakutana katika uchochoro mmoja. Picha haihitaji kutuhubiria ulinganifu huo. Yawatembeza pamoja tu.

Kiswahili chake ni cha Unguja, na sikio hulishwa vizuri, hata kwa muziki wa taarabu. Lakini kitabu ni kipana, na picha imelazimika kukata mengi. Pengine jicho hukaa mno juu ya uzuri wa kuta na vivuli, hali tungalitamani kukaa zaidi na Yasmin mwenyewe, tujue ni mawazo gani yaliyomtoa nyumbani. Kwa hiyo twamshauri msomaji asiache kitabu kwa kuwa ameona picha.

Yatubakia neno moja kwa watumishi wenzetu. Vuta N'Kuvute twaona ni ya watu wazima, kwa kuwa ina mambo ya mapenzi na ya mateso. Supa Modo yaweza kuonyeshwa shuleni, lakini mwalimu na aitazame kwanza peke yake, na ajue ni mtoto yupi darasani aliyefiwa karibuni, apate kuketi karibu naye. Baada ya picha asiwaulize wanafunzi wamejifunza nini. Awaulize wangetaka kuambiwa nini kama wao wangekuwa Jo.

Na sisi tuendao kwa wagonjwa, na tuandikao majina ya wachumba vitabuni, tukumbuke swali lile lile. Siku nyingine ndugu wakitunong'oneza mlangoni, tusiwakaripie, kwa maana wana uchungu. Tuwasikilize, kisha tuingie, tuketi, tumwulize mgonjwa mwenyewe atakalo kujua, nasi tungojee jibu lake.