Kibodi kwenye Zamu ya Muuguzi

Mgonjwa aliyevunjika shingo akipata kompyuta, wengi humwita fundi kwanza. Fundi anaijua mashine, lakini anayejua mgonjwa ameamkaje, ameketi muda gani na mkono upi una nguvu ni muuguzi wa zamu. Kazi ianzie kwake.

Tuseme uti wa mgongo umeumia chini kidogo ya neva ya sita ya shingo. Vidole havikunjiki kwa hiari, ila kiwiko kinakunjika na kifundo cha mkono kinainuka. Hapo kuandika kunawezekana: mgonjwa anavalishwa mkanda wa kiganjani wenye kifuko, penseli inachomekwa upande wa kifutio ukiwa chini, naye anabonyeza kitufe kimoja kimoja.

Kikwazo ni pale vitufe viwili vinapotakiwa kwa pamoja, kama kwenye herufi kubwa. Katika Windows, bonyeza Shift mara tano mfululizo, kisha kubali. Sasa ataanza na Shift, aiachie, ndipo abonyeze herufi. Mkono ukitetemeka na herufi zikajirudia, shikilia Shift ya kulia kwa sekunde nane. Kompyuta itapuuza mabonyezo ya bahati mbaya. Yote mawili yamo humo tayari, hayana gharama.

Ugumu uko kwenye mwili. Baclofen, dawa ya kulegeza misuli iliyokakamaa, huleta usingizi, kwa hiyo somo lisipangwe mara baada ya dozi. Aliye kwenye kiti cha magurudumu apunguziwe uzito makalioni kila baada ya dakika 15 hadi 30, maana akinogewa na skrini husahau, na ngozi iliyokufa ganzi haimkumbushi. Kengele itegwe kwenye kompyuta hiyohiyo. Akilalamika ghafla kwamba kichwa kinamgonga huku uso ukitoka jasho, usisingizie mwanga wa skrini. Hiyo ni dharura: mketishe wima, pima presha, kagua kama mpira wa mkojo umejikunja au umeziba, na daktari aitwe.

Kwa mwenye kisukari aliyepoteza uwezo wa kuona, ipo NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni. Inasoma hata Kiswahili. Muuguzi apime kwanza ganzi ya vidole; asiyehisi vinundu vya F na J abandikiwe alama nene zaidi.

Kilichofaa kiandikwe kwenye faili: mkao, saa nzuri, mkono na mpangilio wa vitufe. Kisipoandikwa, zamu inayofuata itamwanzisha upya.