Kumfuata Mfungwa wa Eldoret kwa Karatasi Zake

Kijana alitoka Langas Ijumaa jioni akielekea mjini Eldoret. Jumapili usiku simu yake ilikuwa bado imezimwa. Shangazi yake, anayeuza mitumba, alikwisha zunguka vituo vitatu vya polisi, akapita hospitalini, na mwishowe akajikaza akaingia mochari. Vituoni alipewa jibu lilelile: "Huyo hayuko hapa, mama, jaribu kwingine." Mimi na yeye tulimpata Jumatatu alasiri. Alikuwa rumande gerezani, asubuhi hiyohiyo amesomewa mashtaka na kushindwa kulipa dhamana. Tulipouliza zaidi tukajua kwamba alilala siku tatu katika kimojawapo cha vituo vile vitatu, na kitabuni aliandikwa. Ila jina aliloandikiwa silo alilolitaja shangazi.

Tangu hapo nimeulizwa mara nyingi tulimpataje. Jibu fupi ni kwamba tuliacha kumtafuta kwa jina. Refu ndilo hili.

Kenya haina orodha ya wazi ya wafungwa na mahabusu ambayo mwananchi anaweza kuifungua kwenye simu akaandika jina na kupata jibu. Kilichopo ni karatasi zilizogawanyika mikononi mwa watu mbalimbali: polisi wana kitabu chao, mahakama ina faili, gereza lina waranti na sajili. Mtu akihama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, ule wa kwanza humsahau papo hapo. Kwa hiyo ukifika kituoni saa nne Jumatatu ukaambiwa "hayuko", huenda askari anasema kweli kabisa. Ameondoka saa mbili kwa gari la kwenda kortini.

Na kukamatwa Ijumaa kisha kufikishwa kortini Jumatatu asubuhi hakukuwa kwa bahati tu. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, lakini zikiishia wakati korti imefungwa, polisi wana ruhusa ya kungoja mpaka siku inayofuata ya kazi. Mtu akikamatwa Ijumaa usiku, sheria yenyewe inamlaza seli hadi Jumatatu. Wenyeji wa seli wanalijua hilo vizuri kuliko mawakili.

Turudi kwenye jina, maana hapo ndipo Eldoret ina shida ya peke yake. Kitambulisho cha mtu kinasema Kipkemboi, nyumbani anaitwa Kemboi, na askari aliyemwandika usiku, huku watu wanane wakipiga kelele kaunta, ameandika "Kimboi" kama alivyosikia. Kiplagat huwa Lagat, Kiprotich huwa Rotich. Hayo ni majina halali ya mtu yuleyule, wala hakuna aliyedanganya. Ongeza kwamba Uasin Gishu ina vijana wengi mno wanaoitwa Kiprop, na kwamba mtu aliyekamatwa akiona aibu hutaja jina la ubatizo ambalo hata mamake amelisahau. Anayetafuta kwa jina kamili lililo kwenye kitambulisho anatafuta kwa uzi mwembamba kuliko zote.

Kile kitabu cha polisi, ambacho kila mtu anakiita OB, hakipangwi kwa majina hata kidogo. Hupangwa kwa saa. Kila siku matukio huanza kuhesabiwa upya kutoka moja, ndiyo maana nambari ya OB huandikwa hivi: 23/14/6/2024, yaani tukio la 23 la tarehe 14 Juni 2024. Ukiielewa nambari hiyo unabadilisha swali lako pale kaunta. Humwulizi afande kama fulani yuko. Unamwuliza kwa upole kama kati ya saa moja na saa sita usiku wa Ijumaa kuna waliokamatwa, wangapi, na kwa kosa gani. Swali la saa hujibiwa kwa kusoma kurasa mbili. La jina hujibiwa kwa kutikisa kichwa.

Kwetu sisi nafasi hiyo ilikwisha pita, tukaenda kortini. Na hata bila shida ile, nawashauri watu waanzie huko. Polisi na magereza hutunza habari zao kwa siri, lakini mahakama haina budi kufanya kazi hadharani: Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa haki ya kesi inayosikilizwa wazi, na uwazi huo unakufaa hata wewe uliyesimama mlangoni. Orodha ya kesi za siku hubandikwa ubaoni na kuwekwa mtandaoni. Lakini hapo pana mtego. Walioletwa asubuhi kusomewa mashtaka kwa mara ya kwanza mara nyingi hawamo kwenye orodha, kwa sababu kesi zao zimesajiliwa saa moja tu kabla. Ukisoma ubao usimwone, usirudi nyumbani. Nenda kwa karani wa korti iliyosikiliza mashtaka mapya siku hiyo.

Karani wetu, mama mtaratibu aliyekuwa akinywa chai, hakutaka jina. Aliuliza: "Alikamatwa lini? Wapi?" Akapitisha kidole kwenye daftari, akasoma watatu waliokamatwa mjini Ijumaa usiku kwa kupatikana na mali iliyoshukiwa kuwa ya wizi. Wa tatu alikuwa "Kimboi", miaka 22. Shangazi akaketi chini.

Tulichoondoka nacho ni nambari ya kesi, na hiyo ndiyo karatasi yenye thamani kuliko zote. Umbo lake ni MCCR, kisha herufi E na tarakimu, kisha mwaka. MC ni korti ya hakimu, CR ni jinai. Ukiona TR mahali pa CR, hiyo ni kesi ya trafiki. Ukiona HC mwanzoni, faili liko Mahakama Kuu. Herufi E inaonyesha kesi imesajiliwa kwa mfumo wa kielektroniki, ambao Idara ya Mahakama iliuanza Nairobi Julai 2020 na kuueneza nchi nzima Machi 2024. Hakimu akikuweka rumande, nambari hiyo huandikwa kwenye waranti inayokupeleka gerezani. Langoni askari jela alituuliza kitu kimoja tu, nambari ya kesi, na kijana alipatikana kabla hatujamaliza kuonyesha vitambulisho.

Mwenye kifungo cha miaka mingi hufuatwa kwa njia nyingine kidogo. Hapo chombo kikubwa ni Kenya Law, hazina ya hukumu inayofunguliwa na yeyote bila malipo. Kila uamuzi una anwani yake: mwaka katika mabano ya mraba, kisha KEHC kama ni Mahakama Kuu au KECA kama ni Mahakama ya Rufaa, kisha nambari. Watu wengi huandika jina, wasipate kitu, wakafunga. Wanakosea mambo matatu ambayo nimeyakosea pia.

La kwanza, hazina hiyo hubeba zaidi maamuzi ya Mahakama Kuu kwenda juu. Aliyefungwa na hakimu wa Eldoret na asikate rufaa huenda asionekane humo milele, hata kama yuko gerezani mwaka wa saba. La pili, majina hugeuka: kesi ikianza ni Jamhuri dhidi ya fulani, ikifika rufaa ni fulani dhidi ya Jamhuri, na katika makosa ya kingono jina lote hufupishwa kuwa herufi za mwanzo ili mtoto aliyedhulumiwa asitambulike kupitia kwa babake au mjombake. La tatu ndilo huwapoteza hata waandishi wa habari: faili liko kesi iliposikilizwa, na huenda ni mbali na mahali kosa lilipotendeka. Kanisa la Kiambaa, lililochomwa na watu ndani yake tarehe 1 Januari 2008, liko karibu kabisa na Eldoret. Kesi ya mauaji hayo ilisikilizwa Nakuru mbele ya Jaji David Maraga, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu, na mwaka 2009 washtakiwa wanne wakaachiliwa. Anayetafuta chini ya Eldoret hapati kitu.

Na ukiipata hukumu, isome ukijua inasema nini na inanyamaza wapi. Chukua kesi ya mwanamitindo Edwin Chiloba, ambaye mwili wake ulipatikana ndani ya sanduku la chuma nje ya mji mapema Januari 2023. Desemba 2024 Jaji Reuben Nyakundi wa Mahakama Kuu ya Eldoret alimfunga Jacktone Odhiambo miaka 50 kwa mauaji hayo. Kosa, muda na sababu ni habari ya umma. Mahali mfungwa anapotumikia kifungo hapaandikwi humo. Mahakama hukwambia muda, gereza hukwambia mahali, na mahali hubadilika: Eldoret leo, gereza la shamba la Ngeria mwezi ujao, Naivasha mwaka ujao.

Tarehe ya kutoka nayo haiandikwi popote hadharani, lakini unaweza kuihesabu. Sheria ya Magereza humpunguzia mfungwa mwenye nidhamu theluthi moja ya kifungo, isipokuwa baadhi ya makosa kama wizi wa mabavu. Halafu kuna Kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Utaratibu wa Jinai, kinachotaka muda wa rumande uzingatiwe. Tuseme mtu alikamatwa tarehe 10 Machi 2019 na akakaa rumande mpaka 10 Machi 2021, siku aliyopewa miaka 9. Toa theluthi, inabaki 6. Ukihesabu tangu hukumu, anatoka Machi 2027. Ukihesabu tangu kukamatwa, anatoka Machi 2025. Miaka miwili mizima ya mtu inaning'inia kwenye mstari mmoja ambao hakimu ameandika au amesahau kuandika kwenye waranti. Ndiyo maana hukumu nyingi utakazokuta Kenya Law kutoka Eldoret ni za wafungwa walioandika wenyewe wakiomba kuhesabiwa rumande. Pia baada ya Mahakama ya Juu kuamua katika kesi ya Muruatetu, tarehe 14 Desemba 2017, kwamba hukumu ya kifo isiyompa jaji hiari inakiuka Katiba, wafungwa wengi walirudi kortini kuhukumiwa upya. Mtu mmoja anaweza kuwa na maamuzi matatu. Soma uamuzi wa mwisho kwanza.

Wapo wanaotaka Kenya iige Marekani, ambako magereza ya serikali kuu yana ukurasa wa kumtafuta yeyote aliyefungwa tangu 1982. Naelewa hamu hiyo. Mfumo wa kule wa kuwaarifu waathiriwa ulizaliwa Kentucky baada ya Mary Byron kuuawa Desemba 1993, siku ya kutimiza miaka 21, na mpenzi wake wa zamani aliyetolewa kwa dhamana bila yeye kuambiwa. Lakini nchi hiyohiyo ilizaa biashara ya kuanika picha za waliokamatwa, kisha kuwatoza pesa ili ziondolewe. Uingereza hufanya kinyume: ukiuliza mfungwa aliko, huulizwa yeye kwanza kama anakubali uambiwe. Mimi niko karibu na Waingereza kwa hili. Yule kijana wa Langas hajapatikana na hatia, na jina lake kubaki mtandaoni kungemfuata kila anapoomba kazi. Shangazi hakuhitaji dunia nzima ijue. Alihitaji kujua yeye.

Hatari kubwa zaidi ni ya mtu asiyeandikwa kabisa. Wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wao Joseph Muiruri walitekwa Juni 2016 wakitoka korti ya Mavoko, wakafungiwa katika kambi ya polisi ya Syokimau. Hakuna kitabu kilichowataja. Ujumbe wa kuomba msaada uliandikwa kwenye karatasi ya choo na kurushwa nje, na miili yao ilitolewa mtoni. Kwa hiyo saa 24 zikipita, siku ya korti ipite, na kila kaunta iseme hayuko, acha kutafuta karatasi. Nenda Mahakama Kuu na ombi la hebiasi kopasi, linalowaamuru wanaomshikilia wamlete mbele ya jaji. Kifungu cha 25 cha Katiba kinaiweka haki hiyo kati ya zile chache zisizoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote ile.

Kabla ya kufika huko kuna silaha ambayo karibu hakuna anayeitumia. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 huipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi, lakini habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48. Swali la aliko mtu aliyekamatwa ni swali la uhuru wake. Ofisi ikikaa kimya, malalamiko hupelekwa kwa Ombudsman, ambaye ana tawi Eldoret. Kuomba hakulipiwi, unalipia nakala tu. Barua yaweza kuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na asiyejua kuandika anaruhusiwa kusema kwa mdomo: ofisa ana wajibu wa kuliandika ombi lake na kumpa nakala aondoke nayo.