Mikono inayokata sanda ndogo

Mafundi wa magauni ya harusi husifiwa sana, na wanastahili. Mimi leo nawapongeza akina mama wa Shella ya Malindi, na wenzao wa Takaungu na Kilifi, wanaogongewa mlango usiku mtoto mchanga anapofariki, ili wamkatie sanda.

Bafta nyeupe hupimwa kwa shibiri. Mkasi huanza tu. Kisha kitambaa huchanwa kwa mkono kufuata uzi, na ule ukingo mwembamba hautupwi, maana ndio kamba za kufungia kichwani na miguuni. Huku pamba inachambuliwa, karafuu maiti inasagwa, udi unafukizwa. Katika sheria ya Kiislamu, kipande kimoja kinachositiri mwili wote chamtosha mtoto. Wao aghalabu hukata vitatu, kwa unadhifu uleule wa maiti ya mtu mzima. Hata mimba iliyotoka baada ya miezi minne, ambayo haiswaliwi isipoonyesha dalili ya uhai, huoshwa, huvishwa sanda na kuzikwa. Hakuna anayesema, “Ni kidogo tu.” Kwa mama aliyelala chumba cha pili, hilo ni jambo kubwa mno.

Marekani na Uingereza wapo wanaofumua magauni ya harusi kuwashonea watoto waliofariki hospitalini. Nawaheshimu pia.

Wetu wengi hawataki ujira. Basi tuwapelekee jora la bafta, na mabinti zetu wakae nao wajifunze kukata sanda wakati mabingwa hawa wangali hai.