Heko, Wapiga Kalafati

Jahazi husifiwa kwa tanga na nahodha wake; mimi heko zangu nampa mpiga kalafati, azibaye mianya ya chombo. Tundu hutobolewa kwa keke, kisha msumari huviringishwa pamba iliyolowa mafuta chini ya kichwa, ili ukizama ujizibie tundu lake wenyewe. Akili hiyo! Katikati ya mbao hushindilia nyuzi za pamba kwa patasi butu na nyundo. Mbao zikinywa maji hufura, zikazibana zaidi. Deheni ya chokaa na shahamu hukinga tumbo la chombo dhidi ya wadudu watoboao mbao. Gundi ya kisasa ya epoksi nayo ni nzuri, ila haishiki vyema penye unyevu. Lamu au Nungwi, maji yakipwa, utamkuta kalala chali chini ya chombo, mafuta yakimdondokea usoni. Nahodha atakayempunja ujira na aogelee.