Kupima Akili au Kuchunguza Usomaji?

Katika makala haya twapenda kujadili istilahi zitumikazo pale mtoto ashindwapo kusoma na kuandika, ikabidi mtaalamu wa saikolojia au wa elimu maalumu atafute sababu. Tumechukua mfano wa Dodoma na uwanda wa kati kwa kuwa huko kasoro ya istilahi hizo huonekana wazi, na anayedhurika nayo ni mtoto.

Istilahi ya kwanza ni kupima akili. Kisarufi haina kosa. Lakini neno akili katika Kiswahili hubeba maana mbili: uwezo wa kufahamu mambo, na utimamu. Asemwaye kuwa hana akili aweza kuwa mjinga, na aweza pia kuwa mwendawazimu. Jijini Dodoma ipo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, na jina hilo limekwisha kuwa msemo nchini kote. Mzazi wa Chamwino au Kongwa aambiwapo kwamba mwanawe atapelekwa mjini kupimwa akili, si ajabu akafikiri Mirembe, maana ndivyo lugha ilivyomwambia. Akimficha mtoto nyumbani, lawama isimwendee yeye peke yake.

Istilahi ya pili ni upimaji. Hii imelemewa na kazi nyingi. Baraza la Mitihani la Tanzania limeitumia kwa Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne na wa Kidato cha Pili. Zahanati huitumia kwa damu na mkojo. Mtoto aliyekwisha kushindwa darasani, akisikia kuna upimaji mwingine, huona anakwenda kushindwa tena.

Ya tatu ni utambuzi. Wengine huitumia kwa maana ya kubaini tatizo, wengine kwa maana ya shughuli za akili kama kufikiri na kukumbuka. Zikikutana maana zote mbili twapata "utambuzi wa matatizo ya utambuzi", maneno ambayo mwalimu hawezi kuyafanyia kazi.

Sisi twapendekeza uchunguzi wa usomaji na uandishi. Sababu yetu ni kazi yenyewe ilivyo. Mtaalamu huyu shabaha yake si alama, bali chanzo. Huanza na macho na masikio ya mtoto, kisha mahudhurio yake shuleni, kisha lugha ya nyumbani. Watoto wengi wa Kigogo huko Bahi, wa Kirangi huko Kondoa na wa Kisandawe huko Chemba huingia shuleni na lugha nyingine kinywani. Lugha nyingi za Kibantu hazitenganishi l na r kama Kiswahili, na Kisandawe si lugha ya Kibantu kabisa. Aandikaye "habali" huenda ameandika alivyozoea kusikia.

Baada ya hayo ndipo huangaliwa kama mtoto aweza kutenganisha sauti za neno, kuzioanisha na herufi, na kusoma kwa kasi gani. Kwa kuwa herufi za Kiswahili hufuata sauti, mwenye ugumu aweza kusoma sawasawa lakini polepole mno. Jaribio lililotafsiriwa kutoka Kiingereza, likihesabu makosa tu, laweza kumpita mtoto huyo. Wala wepesi wa tahajia yetu usituhadae: Katherine Alcock na Damaris Ngorosho walieleza mwaka 2003 kwamba kujifunza tahajia ya Kiswahili si jambo dogo.

Uko pia mfano wa Bagamoyo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, Robert Sternberg na wenzake waliwapa watoto wa shule majaribio, wakawafunza kwa muda mfupi, kisha wakawajaribu tena, matokeo yakapanda. Kwa hiyo jaribio la siku moja halitoshi kuitwa kipimo cha akili ya mtoto.

Wako watakaosema kwamba uchunguzi ni neno la polisi. Hoja hiyo twaikubali iwapo neno linasimama peke yake. Likifuatwa na usomaji na uandishi, hofu huondoka.

Limebaki jina la hali yenyewe. Mtindio wa ubongo na ulemavu wa akili ni hali nyingine, na mtoto aitwaye hivyo kimakosa aweza kuketishwa katika kitengo kisichomhusu. "Matatizo ya kujifunza" nayo ni pana mno. Wataalamu na watumie disleksia. Katika barua kwa mzazi iandikwe ugumu wa kusoma na kuandika.

Kwa muhtasari: mtihani hutoa alama, upimaji hulinganisha na kiwango kilichowekwa, uchunguzi hutafuta sababu. Twawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayajaribu mapendekezo haya katika fomu na barua zao, na watuandikie pale yatakapowashinda wazazi kuyaelewa.